Alijaza Hapana

Mwanamke aliyefanya kazi saiba miaka minne hadanganyiki kirahisi. Lela binti Idarusi alikuwa ameyaona mengi kutoka kwenye meza yake ya kona, katika saiba moja ya Kaloleni, duka la kompyuta na intaneti, hatua chache kutoka ukumbi wa jamii. Watu walimjia na fomu zao, huyu ya pasipoti, yule ya leseni, mwingine ya kazi ya Ughaibuni, naye akawasomea maswali na kuwajazia majibu. Ni wanaume wangapi aliowauliza, "Hali ya ndoa?" wakajibu, "Weka hapo sijaoa," na simu zao mezani zinawaka jina la Mama Brayo? Lela aliandika alichoambiwa. Fomu haikuwa yake. Ila alikuwa na kawaida ya kuinua macho mara moja, akamtazama mtu, kisha akayashusha. Wenye haya walikohoa.

Basi Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, kabla wateja hawajajaa, akakutana na fomu iliyomhusu yeye.

Swali la tano liliuliza: Je, una uhusiano wowote wa kibinafsi na mtu unayemdhamini?

Jibu: Hapana. Na chini yake, kwanza kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili, maneno ya kuongezea: Simjui nje ya kazi hii.

Aliyejibu alikuwa Muriuki Gachanja. Aliyeulizwa habari zake alikuwa Lela mwenyewe.

Akarudia kusoma. Simjui. Mtu ambaye Jumapili tu alimkalisha kwenye benchi kule mtaa wa Fedha anakoishi, akamshika vidole kimoja kimoja, akamwambia, "Lela, mimi nimechoka kukuona kwa kuibia." Mtu anayejua kwamba Lela hali samaki wa mifupa mingi, na kwamba lile kovu lake la kiganjani ni la mafuta ya mahamri. Huyo ndiye asiyemjua. Moyo ulimuuma Lela, ukamuuma hasa, na mimi simlaumu.

Ili umwelewe, sharti uijue ile kazi. Baba yake, Mzee Idarusi, alipofushwa na sukari miaka mitatu nyuma. Kaka yake mkubwa, Zaid, mwenye kibanda cha mapazia Gikomba, akamnunulia mzee simu yenye programu ya kuwasomea wasioona. Programu nzuri, ya bure, iliyotengenezwa na watu waliotawanyika duniani, kila mmoja akitoa chake. Msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi, yeyote aweza kuusoma na kupeleka marekebisho. Lakini ilikuwa na dosari moja: ilihesabu saa Kizungu ikazitamka Kiswahili. Siku moja mzee alijilaza baada ya adhuhuri, akaamka, akaiuliza simu saa. Ilikuwa saa saba mchana. Simu ikamjibu, saa moja. Mzee akajua jioni imeingia, akajidunga sindano yake ya jioni na tumbo halina kitu. Lela alimkuta kizingitini, jasho limemlowesha, ulimi mzito.

Tangu siku hiyo aliapa kuitengeneza. Akajifundisha kati ya mteja na mteja, kwa bando lake mwenyewe la intaneti, mpaka akapata marekebisho ya kupeleka. Kumbe kupeleka ni jambo moja na kupokelewa ni jambo jingine. Mara ya kwanza, mmoja wa wenye funguo, ndivyo Lela alivyowaita wale wachache wenye ruhusa ya kuingiza kitu kwenye programu, alimjibu kwamba saa saba ni saa saba dunia nzima, akafunga mjadala. Mara ya pili wakataka ushahidi, wakataka majaribio, wakataka atie sahihi hati ya kurasa kumi na nne. Akayatimiza yote. Wakanyamaza miezi minne.

Mara ya tatu akakuta kanuni mpya. Programu nyingine huko nje ilikuwa imeingiliwa na mgeni aliyejifanya mwema muda mrefu, akaaminiwa, halafu akapenyeza sumu. Sasa kila mgeni alishukiwa. Ilibidi adhaminiwe na mwenye ufunguo, na mdhamini atamke hadharani kama kuna undugu au mapenzi baina yao. Kukiwa na lolote, kazi inaondolewa mikononi mwa mdhamini na kumngoja mwingine aikague. Miezi kumi na moja ilienda hivyo.

Na Muriuki? Aliingia saiba siku moja kuchapisha karatasi, akaona kioo cha kompyuta ya Lela, akasema, "Hiyo programu hata mimi naichangia." Mengine unaweza kuyakisia. Miezi mitatu iliyopita naye akapewa ufunguo, na Jumanne ya wiki hii marekebisho ya Lela yakapita. Jioni ile simu ya mzee ilisema saa mbili ikiwa kweli saa mbili, Lela akalia kwa furaha. Hakuuliza yamepitaje.

"Umekodolea hiyo kompyuta macho kama umeona jini," Jacky alisema. Jacky ndiye aliyeshika mashine ya kuchapisha, na mdomo wake haukujua likizo.

"Njoo usome."

Jacky akasoma, midomo ikimcheza. "Huyu si Muri wako?"

"Nilidhani ni wangu."

"Ako na mtu."

"Jacky."

"Nakuambia ako na mtu. Mwanaume akikukana kwa maandishi, kuna mwenye anaogopa asome. Umesahau yule wa pasipoti? Hajaoa, hajaoa, na bibi amekaa hapo nje na mtoto mgongoni."

"Muriuki si wa hivyo."

"Wote si wa hivyo, mpaka siku wawe. Umewahi kuenda kwake?"

"Fedha naenda."

"Kwa benchi. Mimi nimeuliza kwa nyumba."

Lela hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa Muriuki, kwa kujiheshimu, na Muriuki hakuwahi kumshurutisha. Jana aliuona huo kuwa uungwana. Leo ukamtia wasiwasi. Akazikumbuka zile simu anazotoka nje kupokea. Akakumbuka Jumapili pale benchini, ujumbe ulipoingia, alivyoigeuza simu kifudifudi haraka. Mtu akishaanza kushuku, hata kikohozi kina maana.

Akamwandikia: Njoo saiba leo. Muriuki akauliza kuna shida gani. Lela akaacha swali lake pale pale.

Alifika saa saba, wakati wa chakula cha mchana, kutoka Viwandani alikofanya kazi ya kuunganisha mitandao ya maofisi. Mrefu, mwembamba, mkoba wa kompyuta begani, na yale macho yake ya upole ambayo Lela alijionya tangu asubuhi asiyatazame sana.

"Niaje, Jacky."

"Poa," Jacky alisema bila kugeuka, kisha akatoka kwenda kununua chapati ambazo hakuna aliyemwagiza, shingo ikiwa imebaki ndani.

"Umenitisha," Muriuki alisema. "Mzee ako sawa?"

Alianza kwa kumuulizia baba. Lela alihisi kitu kikimlegea kifuani, akakikaza.

"Baba mzima. Keti hapo. Nina fomu nataka tuijaze."

"Fomu ya nini?"

"Jina?"

"Lela, ni nini sasa?"

"Jina kamili."

"Muriuki Gachanja," alisema, nusu akitabasamu.

"Hali ya ndoa?"

"Unajua sijaoa."

Lela akainua macho. Muriuki hakukohoa. Alimtazama moja kwa moja, na Lela ndiye aliyetangulia kuyashusha.

"Uhusiano na Lela Idarusi?"

Hapo tabasamu likamtoka. Akavuta kiti akaketi vizuri, mkoba ukateleza mpaka sakafuni, asiuokote.

"Umesoma."

"Liko hadharani. Atakaye kulisoma popote alipo atalisoma. Nikuandikie nini hapa? Hapana?"

"Si uniskize kidogo."

"Nakusikiliza tangu ulipoingia."

"Ningesema ndiyo, wangenitoa kwa hiyo kazi. Mwenye anajua Kiswahili kati ya wenye funguo ni mimi peke yangu. Ungerudi kwa foleni, pengine mwaka mwingine. Na mzee anajidunga sindano kwa kukisia. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningekuuliza."

"Wewe mwenyewe ulisema tusijulikane," Muriuki alisema kwa sauti ya chini. "Ulisema kaka yako akisikia unatoka na Mkristo wa Murang'a, hata hii kazi utaachishwa. Nilikuficha venye ulitaka."

Ilikuwa kweli, na ukweli wa mwenzako ukikukuta na hasira huuma maradufu. "Kufichwa nilitaka," Lela alisema. "Kukanwa sikutaka. Hata swali ungeliacha wazi."

"Ukiliacha wazi haiendi."

"Na simu? Jumapili uliigeuza. Nani alikuwa anakuandikia?"

"Njogu."

"Njogu unayeishi naye?"

"Huyo."

"Njogu ana siri gani ya kufichiwa mimi?"

Muriuki akajitazama mikono. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Lela alimwona mtu huyu akitafuta pa kuweka macho. Akajiambia, hapa sasa ndipo penyewe, jina la huyo mwanamke linakuja.

"Amekuwa ananiuliza kitu, wiki ya tatu sasa."

"Kitu gani?"

"Lela, wachana na hiyo."

"Kitu gani, Muriuki?"

"Kama ulinipenda kabla nipewe ufunguo ama baada."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za mkokoteni upishwe. Lela alisubiri zipite.

"Ukamjibu nini?"

"Nilikaa kimya."

"Ulikaa kimya."

"Sitaki kudanganya tena, ndiyo nakuambia. Ile stori ya mgeni mwenye alipenyeza sumu, sote kwa mradi tuliisoma. Mtu mpole, ana subira, kila siku analeta kazi safi, mpaka mwenye ufunguo anamwamini. Njogu akaniambia, na huyo dem wako je? Nikamcheka. Halafu nikajipata nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Wiki. Ulikubali kunishika mkono wiki moja baada ya mimi kupewa."

Wallahi, kuna maneno ambayo heri mtu apigwe kofi kuliko kuyasikia. Lela alikuwa amejiandaa kwa mke, kwa mtoto, kwa mchumba aliyeachwa Murang'a. Hakujiandaa kwa hili, kwamba wakati yeye anamshuku asubuhi moja, mwenzake alikuwa akimshuku wiki tatu na kumletea njugu karanga kila Jumapili kana kwamba hakuna kitu.

"Wiki hiyo," alisema polepole, ili sauti isimkatike, "kaka Zaid alileta posa. Mtu wa Eastleigh, ana duka, ana gari. Nikakataa. Nyumba nzima ikanigeuzia uso, isipokuwa baba. Ndipo nikajua ninayemtaka ni nani. Ndipo nikakupa mkono."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulihesabu."

Muriuki akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa macho yalikuwa mekundu, na Lela akatamani kuyafuta, akaikunja mikono yake mapajani.

"Nijibu moja tu. Kazi yangu ilikuwa nzuri, au uliipitisha kwa sababu ni mimi?"

"Ilikuwa nzuri."

Akainua macho tena, akamkazia. Safari hii Muriuki alikohoa.

"Ilikuwa na kosa moja dogo. Saa kumi na mbili alfajiri ilikuwa inasema jioni. Nikalirekebisha mwenyewe, nikanyamaza. Umekataliwa mara ngapi, Lela? Sikutaka kuongeza."

"Miezi kumi na moja watu wananikataa bila kunisoma. Halafu unakuja wewe, unanikubali bila kuniambia nilipokosea. Mimi nitajuaje kama ninaiweza hii kazi? Nitamuuliza nani, wewe?"

"Nilifanya vibaya."

"Andika hivyo."

"Wapi?"

"Palepale ulipoandika hapana."

Muriuki akashtuka. "Watairudisha nyuma leo leo. Kila kitu. Na ufunguo watanichukua."

"Kanuni ninazisoma. Ndiyo kazi yangu."

"Na mzee?"

"Baba nitamwambia saa kwa mdomo wangu, kama nilivyokuwa nikifanya."

"Na kwenu? Mtu akiona?"

Hapo Lela alisita. Alimwona Zaid mbele yake, alivyoipiga meza siku ile ya posa. Lakini akaona pia kwamba akiliacha jambo hili lilivyo, kila Jumapili atakapokaa kwenye lile benchi, kutakuwa na Njogu katikati yao, na Jacky, na fomu yenye neno hapana. Mapenzi ya namna hiyo ni mateso.

"Njogu akikuuliza tena," alisema, "mwambie huyo dem aliambiwa achague, akachagua ufunguo upotee."

Muriuki akahamia kompyuta namba nne, akaingia kwenye ule ukurasa, akaanza kuandika. Lela alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya shati lake, asimguse.

Aliandika Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili: Jibu langu la swali la tano lilikuwa uongo. Kazi ya Lela Idarusi ikaguliwe na mtu mwingine. Nilirekebisha kosa moja ndani yake bila kumwambia, na hilo nalo likaguliwe. Ninampenda na nataka kumwoa.

Akageuka. "Hiyo ya mwisho niiwache ama niitoe?"

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Fomu ni yako," Lela alisema.

Muriuki akabonyeza. Akaokota mkoba. Mlangoni akageuka kama anayengoja neno, na Lela akampa alilokuwa nalo. "Sijakusamehe. Nenda kazini." Aliondoka, na Lela akajikuta anatazama mlango muda mrefu baada ya mlango kuwa mtupu.

Saa kumi na dakika chache jibu lilikuja. Mmoja wa wenye funguo aliandika kwamba wanashukuru kwa ukweli, marekebisho yameondolewa, na ruhusa za Muriuki zimesimamishwa. Mistari miwili. Miezi kumi na moja ikarudi foleni. Lela alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kumjazia mama mmoja fomu ya karo ya chuo.

Alifika nyumbani baada ya magharibi. Mzee Idarusi alikuwa kwenye kiti chake, simu pajani. Zaid alikuwa mkekani anakula, anatoka Gikomba na vumbi lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nimengoja tusikilize pamoja. Kuna jipya kule kwenu."

Hapo ndipo Lela alipokumbuka. Miezi kumi na moja nyuma, ni yeye mwenyewe aliyeitega ile simu imsomee baba kila neno jipya litakaloandikwa kuhusu zile saa. Mzee aliufuata mjadala ule kama watu wanavyofuata mpira kwenye redio.

"Baba, tule kwanza."

"Nimekula," alisema mzee, akabonyeza.

Simu ikasoma kwa ile sauti yake isiyo na huzuni wala furaha. Ilirukaruka kwenye Kiingereza, ikaingia Kiswahili. Jibu langu la swali la tano lilikuwa uongo. Ikasoma habari za kosa. Ikasoma, Ninampenda na nataka kumwoa. Ikataja jina la mwandishi, ikanyamaza.

Zaid aliliacha tonge sahanini. "Muriuki? Muriuki wa wapi?"

Mzee akainua mkono, Zaid akanyamaza.

"Lela."

"Abee, baba."

"Huyu ndiye aliyesema Jumanne kwamba hakujui?"

"Ndiye."

"Nilimsikia, nikamshuku palepale. Mtu asiyekujua hana haja ya kusema hakujui." Akavuta pumzi. "Nikanyamaza nione."

"Baba," Zaid alisema, "huyo si wa dini yetu. Jina lenyewe si umelisikia?"

"Nimelisikia, Zaid. Yaliyokwisha ni macho." Kisha kwa Lela: "Kwa kusema haya amepoteza nini?"

"Ufunguo. Na kazi yangu imetolewa yote."

"Nani alimlazimisha?"

Lela angeweza kudanganya. Siku nzima ilikuwa imejaa watu waliodanganya kwa nia njema. "Mimi," alisema. "Nilimwambia aandike ukweli. Hiyo ya kuoa ameiongeza mwenyewe."

Mzee akabonyeza simu kuuliza saa. Ilikuwa saa moja na nusu. Simu ikasema saa saba na nusu. Akatikisa kichwa, akaiweka kando.

"Aje Jumamosi, saa kumi. Sijasema nimekubali, na la dini halichezewi. Nataka kumsikia sauti yake anaposema ndiyo, halafu nimuulize jambo la kusema hapana, niisikie na hiyo. Mpigie sasa, usimwandikie."

Lela akaitoa simu. Kwa mazoea miguu yake ilikwisha kuelekea mlangoni, kule nje alikozoea kunong'ona. Akaizuia. Akasimama palepale katikati ya chumba, mbele ya kaka yake.

Ililia mara moja tu.

"Lela? Uko wapi?"

"Niko nyumbani. Baba yupo, na kaka Zaid yupo, wananisikia. Baba anakuita Jumamosi, saa kumi ya jioni."

Muriuki akauliza, polepole, aje kama nani.

Lela akainua macho akamtazama Zaid, na safari hii hakuyashusha.

"Kama ulivyoandika," alisema.